Jibu: Baba anakoroma, pumzi inakatika, presha haishuki

Salaam aleikum ndugu wa Malindi. Umeuliza kama moyo wa baba umo hatarini, kwa kuwa pumzi humkatika usingizini na presha haishuki hata kwa dawa tatu. Pole sana, na usilipuuze.

Anza na presha. Mpime nyumbani siku 7, asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili mbili, akiwa ameketi kimya dakika 5, mkono mezani usawa wa moyo. Wastani ukifika 135/85, iko juu. Pumzi ikikatika oksijeni hushuka na mishipa hujikaza, ndiyo maana presha ya asubuhi mara nyingi huwa mbaya zaidi. Mshike na kifundo cha mkono: mapigo yakienda ovyo ovyo, afanyiwe haraka kipimo cha umeme wa moyo. Sukari na mafuta ya damu pia.

Mrekodi kwa simu akikoroma, daktari asikie mwenyewe. Majedwali ya kukadiria hatari ya moyo kwa kawaida hayaulizi habari za usingizi, hivyo yanaweza kumwonyesha salama kuliko alivyo.

Papa wa chumvi apunguze, ingawa najua ni vigumu. Mashine ya kusukuma hewa, inayovaliwa usoni usingizini ili pumzi isikatike, hushusha presha kidogo tu; dawa asiache. Kifua kikimbana, hospitali usiku huohuo.