Jibu: Mikwaruzo kwenye kioo cha plastiki cha simu ya vitufe

Ndugu yangu wa Kibirizi, umeuliza kama dawa ya meno inaweza kuondoa mikwaruzo kwenye kioo cha simu yako ya vitufe, iliyokuwa ikikaa mfuko mmoja na funguo. Inaweza, mradi kioo hicho kiwe cha plastiki, kwa kuwa chembe laini zilizomo ndani ya dawa husaga kingo za mkwaruzo hadi uso uwe sawa tena. Kioo halisi ni kigumu mno kwa kazi hiyo. Zima simu, utoe betri, kisha uondoe vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu, maana punje moja tu ya mchanga wa ufukweni ikibaki chini ya kitambaa itachora mistari mibaya kuliko ile ya awali. Paka dawa nyeupe kidogo, usugue kwa pamba kwa kuzungusha taratibu bila kukandamiza, halafu ufute. Mkwaruzo unaonasa ukucha hautaisha kwa njia hii; hapo ni afadhali fundi akubadilishie kava lenye kioo hicho. Petroli na thina usivitumie kabisa, hata ukishauriwa na fundi huyo huyo, kwani huweza kuishambulia plastiki na kuiachia ukungu usiofutika.