Kwa Nini Final Fantasy Haikufika Kwenye Nintendo 64?

SWALI: Mhariri, nimenunua Nintendo 64, mashine ya michezo ya video, iliyokwisha kutumika, nikitumaini kucheza Final Fantasy, mfululizo wa michezo ambao kaka yangu huusifia sana. Sasa naambiwa kwamba hakuna hata toleo moja lililotengenezwa kwa mashine hiyo, ilhali matoleo sita ya kwanza yalitoka kwenye mashine za Nintendo. Tena yangu ni ya biti 64, na PlayStation ni ya biti 32. Imekuwaje mashine yenye nguvu zaidi ikarukwa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Umeambiwa kweli, ndugu msomaji. Kampuni ya Square ya Japani, iliyoanza mfululizo huo mwaka 1987, haikutoa mchezo wowote kwa Nintendo 64. Lakini hesabu ya biti isikupoteze, kwa kuwa tatizo halikuwa nguvu ya mashine bali chombo kilichobeba mchezo. Nintendo walishikilia kaseti (si ya utepe, bali kipande cha plastiki chenye chipu ndani) wakati Sony, wenye PlayStation, walikwishahamia kwenye CD.

Toleo la saba, lililotoka kwa PlayStation, linapoanza, uso wa msichana unaonekana ukimulikwa na mwanga wa kijani. Kisha picha inapaa hadi jiji zima la Midgar linaonekana, inashuka tena kuifuata treni inayoingia stesheni, na Cloud, mhusika mkuu, anaruka kutoka juu ya behewa, ambapo mchezaji anakabidhiwa usukani bila kuona mahali filamu ilipoishia. Filamu za namna hiyo, pamoja na mandhari zilizochorwa mapema kwa kompyuta, zinakula nafasi kubwa mno. Mchezo ulitoka kwa CD tatu, na CD moja hubeba takriban megabaiti 650, wakati Super Mario 64 ya mwaka 1996 ilikuwa kwenye kaseti ya megabaiti 8 tu. Hata kaseti kubwa kuliko zote za Nintendo 64, zilizokuja baadaye, ziliishia megabaiti 64. (Wapo wanaozidisha CD tatu na kudai kwamba zingehitajika kaseti 30. Hesabu hiyo si ya haki, kwa sababu sehemu kubwa ya mchezo ilirudiwa katika kila CD. Hata hivyo CD moja peke yake ni kaseti kumi.)

Utauliza, mbona mchezo mwingine, Resident Evil 2, uliokuwa wa CD mbili, ulibanwa ukaingia kwenye kaseti moja ya Nintendo 64? Ni kweli, na ilikuwa kazi ya kupongezwa, ila hiyo ilikuwa 1999. Square walitangaza uamuzi wao wa kuhamia PlayStation Januari 1996, hata Nintendo 64 yenyewe haijaingia madukani.

Kulikuwa na suala la fedha pia, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko wengi wanavyokiri. Kaseti ilikuwa ghali kutengeneza, na Nintendo ndio waliozitengeneza na kulipwa mapema, hivyo mchezo usipouzika hasara ilimwangukia aliyeagiza. CD ilichapishwa kwa gharama ndogo na kuongezwa haraka mahitaji yalipopanda. Tazama bei za Japani: toleo la sita, la kaseti, liliuzwa yeni 11,400, la saba, la Januari 1997, yeni 6,800.

Nintendo hawakuwa wapumbavu. Kaseti haikusubirishi mchezo upakiwe, haichubuki kirahisi, na ni ngumu kunakili. Sifa hizo zilifaa michezo ya kuruka na kukimbia. Hadithi ndefu yenye filamu ndani yake ilidai kitu kingine. Uhusiano wa kampuni hizo mbili ulipoa kwa miaka kadhaa, na toleo la saba lilikuja kufika kwenye mashine ya Nintendo, yaani Switch, mwaka 2019.

Kwa mashine uliyo nayo, tafuta Paper Mario, ambayo mapigano yake ni ya kupokezana zamu, au Ogre Battle 64 ukipenda kupanga majeshi. Uliza kwanza bei ya kaseti, maana baadhi huuzwa ghali kuliko mashine yenyewe.