Umekulia kijijini na unaomba udaktari Marekani? Soma hii kwanza

Kuna wahamiaji wenzangu wanaamini ukiandika tu kwamba umezaliwa kijijini, hakuna umeme, maji ya kisima, basi vyuo vya udaktari Marekani vitakuonea huruma vikupe nafasi. Wapi! Kijiji kinachokuongezea maksi ni cha huku huku Marekani, na hata hicho kinasaidia pale tu chuo kikiamini utarudi kutibu watu wake.

Mimi nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwa mtoto, tukapelekwa magharibi ya Kansas, mji mdogo ambao kila mtu yupo kiwanda cha nyama au ana ndugu pale. Sasa kwenye fomu ya AMCAS, ile ya kuombea vyuo vinavyotoa MD, yaani digrii ya udaktari, wanauliza sehemu kubwa ya maisha yako mpaka miaka 18 uliishi wapi, nchi gani, kaunti gani, na eneo lenyewe ni la mjini au la shamba. Kama miaka mingi ulikuwa Afrika jaza Afrika, usidanganye bana, ila ile miaka ya mji mdogo wa huku usiiache ipotee, itoe kwenye insha na kwenye maswali ya ziada ambayo kila chuo kinakutumia baadae.

Kwa nini wanajali? Kwa sababu madokta hawataki kukaa huko. Utafiti uliotoka 2019 ulionyesha wanafunzi wa udaktari waliotoka vijijini hawafiki hata asilimia 5 ya wanaoingia, na ilishajulikana zamani kwamba aliyekulia shamba ndo mwenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi shamba. Ndo maana vipo vyuo na programu zilizoanzishwa kabisa kwa kazi hiyo. Kampasi ya Duluth ya University of Minnesota ipo tangu 1972, na University of Kansas walifungua kampasi ya udaktari mji wa Salina 2011 na darasa la wanafunzi 8 tu. Nane! Kwa hiyo usifikiri ni mlango mpana.

Alafu kabla ya kijiji kuna makaratasi. Vyuo vya serikali vinapendelea wakazi wa jimbo lao, na vingi havichukui kabisa mtu mwenye viza ya mwanafunzi, hata awe amekulia wapi. Ukiwa na grini kadi au umekuja kama mkimbizi hali ni tofauti, ila soma masharti ya kila chuo kwenye MSAR, ile database ya AAMC (chama cha vyuo vya udaktari Marekani), usisikilize maneno ya watu kanisani. Na ile skolashipu ya National Health Service Corps, inayokusomesha ili ukafanye kazi sehemu zisizo na madokta, inataka uraia, grini kadi peke yake haitoshi. Kama una haki ya kuomba uraia, omba mapema.

Haya, tuje kwenye intavyuu maana hapo ndo watu wanaangukia. Watakuuliza utarudi kweli? Ukijibu "napenda kusaidia jamii yangu" umeisha, kila mtu anasema hivyo. Mimi niliwaambia habari ya mama. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi usiku kwa ajili ya kushika kisu zamu nzima, kliniki ikampigia mkalimani wa Kiswahili kwa simu, simu inakatika katika, mama anasema "mkono unawaka" mkalimani anasema mkono una joto, dokta akaanza kutafuta homa, ikabidi mimi mtoto wa shule niingilie. Baada ya hapo wakauliza maswali ya maana: kliniki ilikuwa na dokta wangapi, mtaalamu wa mikono yuko mbali kiasi gani, wafanyakazi wa zamu ya usiku wanatibiwa saa ngapi. Nilikuwa na majibu kwa sababu nilikuwa narudi likizo kujitolea pale pale. Kama umehamia mjini ukasoma na hujarudi hata kusalimia, wataona kwenye orodha ya shughuli zako.

Kijiji cha Afrika nacho kiandike, sijasema ukifiche. Kiandike kwa kilichokufundisha kuhusu ugonjwa na umbali, ila usikitumie kama tiketi ya programu ya vijijini ya Marekani.

Na MCAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, hauangalii umetoka wapi. Maksi zinaanzia 472 mpaka 528, kijiji kinaweza kukubeba kidogo ukiwa umekaribia, ukiwa chini sana hakikubebi.

Hela nazo. Kila chuo unachoongeza AMCAS ni zaidi ya dola 40, na maswali ya ziada yana ada yake. AAMC wana msaada wa ada kwa familia za kipato kidogo, na wakimbizi wanaruhusiwa kuomba. Omba kabla hujalipia MCAT wala hujatuma fomu, maana ulichokwisha kulipa hawakurudishii.