Ndiyo, mnara wa Eiffel hurefuka wakati wa joto

Ndugu yangu wa Bukavu, umeuliza kama ni kweli mnara wa Eiffel kule Paris huongezeka urefu wakati wa joto, au ni porojo za WhatsApp. Ni kweli kabisa, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Mita 1 ya chuma, joto likipanda nyuzi 1, hurefuka kama milimita 0.012. Mnara una chuma cha kimo cha mita 300 hivi, na kutoka baridi kali hadi jua kali ni tofauti ya nyuzi kama 40. Zidisha: unapata sentimita 14 na kitu! Kutanuka huko kwa joto ndiko kunakofanya mabati yetu hapa Goma yalie jua likichomoza ghafla baada ya mvua.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba jua hupiga upande mmoja tu. Upande huo hutanuka kuliko mingine, basi kilele huinama sentimita kadhaa kulikimbia jua, na usiku hurudi mahali pake.

Tena mnara huo, uliofunguliwa 1889, ulipewa kibali cha miaka 20 tu kisha ubomolewe. Antena ndiyo iliyouokoa: jeshi la Ufaransa lilikuwa limeshaona faida yake kwa mawasiliano ya redio.