Kabla hujanunua rejeta kubwa, fuata hewa

Ndege niliyoijenga kwa mikono yangu ilinitesa kwa joto karibu msimu mzima. Injini yake ni ya gari, inapozwa kwa maji. Kwenye mwendo wa kawaida haikuwa na neno, ila nikipanda kwa nguvu zote, mshale wa kipima joto cha maji ulivuka nyuzi 110 kabla sijafika futi 2,000. Nikanunua rejeta kubwa zaidi. Joto likapungua nyuzi 3 tu.

Ukweli niliupata kwa mpira mwembamba wa plastiki nilioupinda kama herufi U na kuutia maji ya rangi. Ncha moja niliipeleka mbele ya rejeta, nyingine nyuma yake. Wakati wa kupanda, maji yalipishana sentimita 1 tu. Msukumo wa kuipitisha hewa kwenye rejeta haukuwepo! Nilipofungua kava, vidole viwili viliingia kati ya rejeta na ukuta wa mfereji unaoiletea hewa. Hewa, kama maji, hupita palipo rahisi. Niliziba kila upenyo kwa sponji ngumu na silikoni ya kuhimili joto, na tofauti ikafika sentimita 4.

Ukishaziba, tazama nyuma. Hewa iliyopata moto imetanuka, inahitaji pa kutokea palipo na presha ndogo. Mimi niliweka mlango mdogo kwenye tundu la kutokea: naufungua nikipanda, naubana nikishatulia angani. P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na mlango wa namna hiyo nyuma ya rejeta yake ya tumboni. Mbele nako, mfereji utanuke polepole kutoka mdomoni hadi kwenye rejeta. Ukitanuka ghafla, hewa huachana na kuta na kuzungukazunguka bure.

Kuhusu maji yenyewe, changanya nusu kwa nusu na glikoli (dawa ya rejeta ya kuzuia maji kuganda), na kifuniko cha rejeta kiwe cha kushikilia presha. Kwenye futi 10,000, maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Toa hewa yote kupitia sehemu ya juu kabisa ya mfumo.

Nakusihi pia ufunge geji ya presha ya maji. Mshale wa joto ukishuka ghafla nawe hujapunguza nguvu, usifurahi: huenda maji yamevuja yote na kipima joto kimebaki kwenye hewa. Tafuta pa kutua mara moja.