Jibu: pichi inaruka ku Praat, ni toni ao ni kosa?
Salamu ndugu. Unasema unapima ku Praat, ile programu ya kompyuta ya kuchunguza sauti, toni za Mashi, luga ya Bashi wa Kivu ya Kusini (toni ni sauti kupanda ao kushuka kunakobadilisha maana ya neno). Mzee mmoja ndiye anasoma maneno, halafu katikati ya vokali mstari wa pichi, ule unaoonyesha sauti iko juu ao chini, unaruka toka 120 Hz (mawimbi 120 kwa sekunde) hadi 240 na haujue kama ile ni toni ya juu. Ikiwa mara mbili kamili hivyo, karibu kila mara ni programu imekosa hesabu.

Usiamini mstari kwanza. Vuta karibu ile sauti yenyewe, chagua sekunde 0.1, hesabu mawimbi na kidole: ukipata 12 basi ni 120 Hz, basi. Kisha, ku mipangilio ya Praat, shusha mpaka wa juu wa pichi uweke 200 kama toni za juu za mzee hazifike kule, usiuache juu sana kama 600.

Mimi rekodi zangu za kwanza nilifanyia Kadutu, mtaa wa Bukavu, karibu na mashini ya kusaga, mngurumo uliingia mote, ilibidi nirudie saa kumi na moja asubuhi. Na neno unalopima usiliweke mwisho wa sentensi kwa sababu pale sauti inashuka na kukwaruza, liweke katikati, sentensi ileile kwa maneno yote. Kwa sauti za watoto sijajaribu.