Lenzi fupi ndiyo ya adabu kijijini

Ukienda kupiga picha za watu kijijini, chukua lenzi fupi ya milimita 35, ile ndefu ya 70-200 iache nyumbani. Wengi hudhani lenzi ndefu haisumbui watu kwa kuwa unasimama mbali, kumbe mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake ndiyo inayozua ugomvi: mtu akigeuka akakuona umejibanza ng'ambo ya barabara na lile bomba, anajua unamchungulia. Kwa milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa picha ya filamu ya kawaida), kumpata mtu toka kichwani hadi magotini inabidi uwe kama mita 2 kutoka kwake, kwa hiyo salamu haikwepeki. Na salamu ndiyo nusu ya kazi.

Kamera ikae kifuani ionekane, si mkobani. Siku ya kwanza tembea nayo tu bila kupiga. Shata ya kimya, yaani kamera kupiga bila kutoa mlio, mimi naona ni kosa, maana mtu akigundua baadaye kwamba alipigwa bila kusikia kitu, hasira huwa maradufu.

Akiinua kiganja au akikunja uso, shusha kamera. Akitaka picha ifutwe, ifute mbele yake huku anatazama kioo. Kama kamera yako ina kadi mbili za kuhifadhi picha, hakikisha imefutika kote, kwa sababu nyingi hufuta kwenye kadi moja tu.

Ila kukubali kupigwa si kukubali kurushwa mtandaoni au kutumiwa kwenye tangazo. Hilo liulize peke yake, na kwa mtoto muulize mzazi.